Mwongozo kamili wa kupanda na kutunza ua wa miti isiyopukutika

Ukitaka kujua kama ua wa miti ulipata malezi, usiutazame juu. Chuchumaa. Ukikuta majani yameanzia ardhini na huoni viatu vya mtu anayepita upande wa pili, hapo alikuwepo mtu aliyejua anachofanya tangu mwaka wa kwanza. Ukikuta mashina matupu kama miguu ya meza, kijani chote kimehamia juu, hapo palikuwa na haraka.

Mimi nilikuwa mwenye haraka. Nilipanda misaiprasi zaidi ya thelathini, nikaipenda mno, nikaona dhambi kuitia mkasi. Nikaiacha mpaka ikanipita kichwa, ndipo nikakata ncha ili ua ukae sawa, nikaparua na ubavuni kwa panga. Juu ulikaa sawa kweli. Chini walipita kuku, baadaye mbwa, na siku moja nilipopoteza ufunguo wa geti nikapita mwenyewe. Niling'oa yote nikaanza upya, na sehemu kubwa ya yaliyomo humu nimeyapata katika huko kuanza upya.

Jani la kijani nalo hufa

Jina "miti isiyopukutika" lina utani kidogo ndani yake, maana nayo hupukutika. Haidondoshi majani yote kwa mpigo, basi. Kila jani lina umri wake, la zamani linaondoka huku jipya limeshafika, kwa hiyo mti hauonekani uchi. Sindano za misonobari mingi hukaa miaka 2 hadi 4. Msonobari uitwao Pinus longaeva, unaoota kwenye milima mikavu ya magharibi mwa Marekani, unaweza kubaki na sindano zilezile zaidi ya miaka 30.

Kulijua hili kunakuokoa na hofu. Ukifungua ua ukaona majani ya ndani yamegeuka manjano na yanaanguka, usikimbilie dawa. Yamezeeka na yamekosa mwanga. Zikikauka ncha za nje, zile changa, hapo ndipo pa kushtuka.

Kwa anayetaka ua, miti hii iko makundi mawili, na mipaka yake ni muhimu kuliko jina la mti wowote. La kwanza ni la majani ya sindano au magamba: msaiprasi, thuja, mtarakwa, msonobari. La pili ni la majani mapana: ligustro, duranta, buksi, kayaba, haibiskasi, kamelia, muraya. Hili la pili likikatwa hadi kwenye mti mkavu kwa kawaida huchipua tena, kwa kuwa chini ya gamba limeficha macho yaliyolala, yaani vichipukizi ambavyo bado havijaamka. La kwanza halina akiba hiyo, au inayo kidogo mno. Shika tawi la msaiprasi ulifuate kwa vidole kutoka nchani kwenda shinani: kijani, kijani, kisha ghafla kahawia. Ukikata ndani ya ule ukahawia, pengo halizibiki tena maisha yote ya mti. Mimi na panga langu tulivuka mpaka huo bila hata kujua kwamba upo.

Aliyejitenga na wenzake ni Taxus baccata. Ana sindano, lakini huchipua hata kwenye shina nene, na ndiyo sababu bustani nyingi za kale za Ulaya humtumia kwa nyua na kwa miti ya kuchongwa maumbo.

Kwanza amua ua ufanye kazi gani

Watu wengi huanzia kitaluni, wakaona mche mzuri, wakanunua, kisha wakautafutia kazi. Geuza mpangilio. Ua wa kuzuia macho ya wapita njia unahitaji majani mazito na urefu wa kupita kichwa kidogo. Wa kuzuia mnyama au mwizi unahitaji miiba na matawi yaliyosongamana kuanzia chini. Urefu si hoja sana. Wa kupamba ukingo wa njia unahitaji mti wa majani madogo unaovumilia mkasi kila mara, na mwisho wake ni magotini.

Ua wa kuzuia upepo una siri yake. Ukuta wa matofali huuzuia upepo kabisa, na kwa hiyo upepo huruka juu na kushuka upande wa pili kwa fujo. Ua wa miti huuchuja: nusu inapita, nusu inazuiwa, na utulivu huo unaweza kufika umbali wa kama mara 10 ya urefu wa ua wenyewe. Ua wa mita 2 utakupa bustani tulivu ya mita 20 hivi. Kwa kazi hii usitafute mti mzito kupita kiasi. Mvinje na sindano zake nyembamba hufanya vizuri.

Kisha urefu. Kanuni yangu ni ya kienyeji: ua usizidi mkono wako ulioinuliwa. Ukizidi hapo utahitaji ngazi, na kazi inayohitaji ngazi huahirishwa, na ua ulioahirishwa mara tatu huwa msitu. Wapo waliolijua hili kwa njia ya mahakama. Mwaka 1888, huko Leighton Hall, Wales, misaiprasi miwili ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, ambayo porini haikutani, ilipandwa jirani ikazaa chotara. Chotara huyo, leylandii, huweza kuongezeka karibu mita nzima kwa mwaka. Alipendwa na kila mwenye haraka, na ugomvi wa majirani walionyimwa jua ukawa mwingi hadi Uingereza ikaweka sheria mwaka 2003 inayomruhusu jirani kulalamikia ua wa miti isiyopukutika uliozidi mita 2. Sehemu nyingine zina taratibu zao za mipaka. Ziulize kabla ya kuchimba.

Kuchagua mti

Mti bora ni ule ambao tayari unastawi katika mazingira kama yako bila kubembelezwa. Tembea mtaani. Tazama nyua za zamani, si zilizopandwa juzi, na uzitazame mwishoni mwa msimu mgumu, iwe ni kiangazi kikali au baridi ya theluji. Mti uliobaki na rangi yake wakati huo ndio wako.

Kwa penye joto na ukame wa msimu: kayaba kwa miiba, duranta kwa kukua haraka, muraya kwa harufu ya maua na majani ya kung'aa, bogenvilia kwa rangi na miiba kwa pamoja (ingawa ukame ukizidi hupukutisha majani), mvinje kwa pwani yenye chumvi. Nyanda za juu zenye ubaridi wa wastani, msaiprasi, podo na kamelia huwa nyumbani. Kamelia sharti udongo uwe na uchachu. Penye baridi ya kugandisha, Taxus, thuja, buksi na loreli (Prunus laurocerasus). Buksi ndiyo mfalme wa ukingo mfupi, ila kwa sasa ina maadui wawili wakubwa Ulaya: ukungu wa kunyausha majani, na kiwavi wa nondo kutoka Asia ya Mashariki aliyeonekana Ujerumani mwaka 2007 na kusambaa kote.

Habari hiyo ya buksi inanileta kwenye jambo ambalo wauza miche hawapendi kulisema. Ua mrefu wa aina moja ni meza iliyoandaliwa kwa mdudu mmoja. Kidukari wa msaiprasi aligunduliwa Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa ameshaingia Kenya. Alipopita, nyua za misaiprasi zilizokuwa na miaka mingi ziligeuka kahawia mstari mzima. Kama ua wako unazidi mita 30, changanya aina mbili au tatu zenye mwendo wa kukua unaolingana. Utakosa ule usawa wa ukuta uliopakwa rangi, lakini msiba ukija hautachukua wote.

Kuhusu sumu, sitaki kukutisha ila jua unachopanda. Oleanda ina sumu ya moyo katika kila sehemu yake, na hata kuni zake hazifai kuchomea chakula. Matunda ya manjano ya duranta yanavutia watoto na yana madhara. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya, kwa hiyo anayeukata avae miwani. Taxus ni sumu karibu yote, na mifugo hufa kwa kula matawi yake yaliyokatwa. Majani ya loreli yakisagwa hutoa mvuke wenye sianidi. Usiyajaze ndani ya gari lililofungwa madirisha. Penye watoto wadogo au mbuzi wa kufungua kila mlango, chagua kingine. Lantana, pamoja na maua yake mazuri, iache: hutoroka bustanini ikageuka gugu, na ni sumu kwa ng'ombe.

Hesabu na ununuzi wa miche

Pima urefu wa ua, ondoa geti, gawa kwa nafasi kati ya mche na mche, kisha ongeza mmoja wa kufungia. Mita 20 kwa nafasi ya sentimita 50 ni miche 40, ongeza mmoja, 41. Nunua 45 ili uwe na ya akiba ya umri uleule. Mche wa kuziba pengo ukinunuliwa mwaka wa tatu hubaki mdogo kivulini na haufikii wenzake kamwe.

Nafasi zenyewe: ukingo mfupi wa buksi, sentimita 15 hadi 20, duranta, ligustro na kayaba, 30 hadi 50, thuja na msaiprasi, 60 hadi 90. Anayetaka ua mzito wa kuzuia wanyama apande mistari miwili, iachane sentimita 40 hivi, miche ikipishana kama meno ya msumeno, kila mmoja ukiangalia katikati ya miwili ya mbele. Ukibananisha zaidi ya hapo, ua utajaa upesi kisha miche itaanza kunyang'anyana maji na mwanga, na wanyonge watakufa katikati.

Ukifika kitaluni utavutwa na mche mrefu. Uache. Mche wa sentimita 30 hadi 45 wenye matawi kuanzia chini utaupita ule wa mita moja na nusu uliokulia kivulini ukitafuta jua. Kisha omba kutazama mizizi. Shika kiriba kwa chini, uone kama mzizi umetoboa na kuingia ardhini. Huo ukivutwa hukatwa, na mche huhuzunika miezi. Kama muuzaji ana roho nzuri, fungua kiriba kimoja: mizizi iliyojizungusha kama kamba ya ndoo kisimani ni dalili kwamba mche umekaa humo mno. Mzizi uliojizungusha huendelea kujizungusha hata baada ya kupandwa, na baada ya miaka unaweza kulinyonga shina lenyewe.

Mtaro, shimo na siku ya kupanda

Wakati: mwanzo wa mvua kwa penye mvua za msimu, na kwa penye majira ya baridi, mapema kabla ya ardhi kupoa au mwanzoni mwa joto. Mti usiopukutika haupumziki kabisa. Hupoteza maji kwa majani mwaka mzima, hata ardhi inapoganda na mizizi isiweze kunywa, na ndiyo maana nyua nyingi changa zinazosemekana zimeuawa na baridi kwa kweli ziliuawa na kiu.

Usipande mpakani kabisa. Chukua nusu ya upana wa ua ukishakomaa, ongeza nafasi ya wewe kusimama na mkasi bila kuomba ruhusa kwa jirani. Kaa mbali na kuta na mabomba, hasa kwa jamii ya mikuyu kama fikasi, ambayo mizizi yake haijui adabu.

Vuta kamba kati ya vigingi viwili. Chimba mtaro badala ya shimo mojamoja, upana sentimita 50 au 60, kina kisichozidi urefu wa bonge la mizizi. Mtaro humpa kila mche udongo uliolainishwa kulia na kushoto, hivyo ua wote hukua kwa mwendo mmoja. Lainisha chini kwa sululu bila kuondoa udongo, la sivyo mche utazama. Changanya samadi iliyooza kabisa, au mboji, na udongo ule ule uliochimba. Samadi mbichi huunguza mizizi, nami nimeunguza.

Mwagilia viriba vizuri kabla ya kuanza. Chana kiriba kwa wembe, kitoe chote, mizizi iliyojizungusha ikate kwa kuchanja mistari mitatu kwenda chini. Weka mche mahali pake na utafute shingo yake, pale shina linapopanuka kuanza kuwa mizizi. Shingo ikae sawa na ardhi au juu yake kwa unene wa kidole. Kuifukia ndiyo njia ya kimya zaidi ya kuua mti: hautakufa wiki hii wala mwezi huu, bali utadumaa mwaka mzima kisha gamba lioze. Rudisha udongo, shindilia kwa kisigino bila kukomoa, mimina ndoo ya lita 10 kwa kila mche hata kama mawingu yametanda, kwa kuwa maji hayo hufukuza hewa iliyonaswa mizizini. Tandaza nyasi kavu au majani kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha kiganja kimoja kitupu kuzunguka shina, vinginevyo utawakaribisha mchwa na ukungu.

Mkasi wa kwanza

Hapa ndipo nyua hutengenezwa au huharibiwa, kwa hiyo twende taratibu.

Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka chini na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ndiyo sababu mti ulioachwa hukimbilia juu. Ukiiondoa ncha, amri inakatika na macho ya chini yanaamka. Mchai ndio ushahidi ninaoupenda: ukiachwa, ni mti wa mita kadhaa, shambani unaishia kiunoni, mpana na tambarare kama meza, kwa kuwa ulikatwa ungali mdogo na unachumwa kila mara.

Chukua mche wa duranta uliopandwa wiki tano au sita zilizopita, umeshaanza kutoa majani mapya, una urefu wa sentimita 30. Majani yake yamekaa mawili mawili, yakitazamana. Inama uangalie kwapani mwa kila jani: utaona jicho dogo kama punje ya ulezi. Hesabu kutoka chini mpaka sentimita 20, chagua jozi ya majani iliyo karibu na hapo, ukate nusu sentimita juu yake. Theluthi nzima ya mche imeanguka, na moyo utakuuma. Ndani ya wiki mbili tatu yale macho mawili chini ya jeraha yatafunguka, na mengine chini yao. Tawi moja limekuwa mawili. Yakifika urefu wa kiganja, yakate nusu; sasa una manne. Endelea hivyo, ukiuruhusu ua upande sentimita 15 hivi kwa kila mzunguko, na kila hatua ya kwenda juu itakuwa imesimama juu ya hatua iliyojaa.

Samaki mkunje angali mbichi. Kwa misaiprasi na thuja methali hii haina hata mafumbo, ila mkunjo wenyewe ni tofauti: usiguse ncha kuu mpaka ikaribie urefu unaoutaka. Kata ubavuni. Kuanzia mwaka wa kwanza au wa pili, punguza ncha za matawi ya pembeni kidogo kidogo, daima ndani ya kijani, ili yatawanyike na kujaza. Ncha kuu ikibakiza kama sentimita 15 kufika urefu unaoutaka, ikate, na kuanzia hapo ua utanenepa.

Jirani ambaye hakukata ua wake atakuwa amekupita mbali mwaka wa pili. Mwache.

Umbo: chini kuwe kupana kuliko juu

Jua hutoka juu. Ua uliosimama wima kama ukuta, au mbaya zaidi uliopanuka juu kama uyoga, hujitia kivuli wenyewe, na matawi ya chini yanayokosa mwanga hufa. Kwa hiyo kila ubavu uegemee ndani kidogo kuelekea juu. Ua wa urefu wa mita moja na nusu ukiwa na sentimita 90 chini, ufanye 60 juu. Mtu akiutazama kwa haraka ataona umenyooka tu; mteremko wake utauona ukishika kamba.

Tena kamba ushike kweli. Jicho hudanganya baada ya mita tatu. Mimi huchomeka vigingi kila mwisho, nikafunga kamba moja ya usawa wa juu na nyingine ya ubavuni, kisha nakata ubavu kwanza, kutoka chini kupanda juu, ili vipande vidondoke mbali na sehemu nisiyoikata bado. Juu huja mwisho. Kila mita mbili rudi nyuma hatua tano utazame.

Chagua siku ya mawingu. Majani ya ndani yakifunuliwa ghafla kwenye jua kali huungua. Mkasi uwe mkali, kwa maana butu hutafuna na kuacha ncha za kahawia. Miti ya majani makubwa kama loreli ikate tawi tawi kwa mkasi mdogo wa kupogolea, kwani mkasi mkubwa huyapasua majani katikati na nusu zilizobaki hukauka zikaonekana kama zimechanjwa. Futa makali kwa spiriti unapohama kutoka mti mgonjwa. Kabla ya yote, penyeza mkono na jicho ndani kutafuta viota. Ukikuta mayai, subiri vifaranga waruke. Nyigu nao hupenda kujenga humo, na wao hawatasubiri.

Mara ngapi? Duranta inayokua kwa nguvu hudai mkasi kila wiki nne hadi sita msimu wa mvua. Buksi na ligustro mara mbili tatu kwa mwaka, Taxus mara moja yatosha. Penye majira ya baridi acha kukata mapema, ili machipukizi yakomae kabla ya kuganda.

Maji na chakula

Mwaka wa kwanza na wa pili ua haujitegemei. Mara mbili kwa wiki wakati wa ukavu, maji mengi yanayozama, ni bora kuliko kunyunyiza kila jioni, kwani kunyunyiza hufundisha mizizi kubaki juu. Chomeka kidole, kama sentimita 5 za chini bado zina unyevu, acha. Samadi au mboji mara moja kwa mwaka inatosha. Mbolea nyingi ya naitrojeni hutoa machipukizi laini ambayo vidukari huyaona kama karamu. Magugu, hasa nyasi, yang'oe upana wa nusu mita kila upande mpaka ua utie kivuli chake.

Ua ukianza kuumwa

Adui anayepuuzwa zaidi ni mlangamia, ile nyuzi ya manjano isiyo na majani inayojitandaza juu ya ua kama tambi. Haina haja ya udongo. Hutoboa tawi na kunyonya. Kuivuta kwa mikono hakutoshi, kwa sababu kipande cha uzi kilichobaki huanza upya. Kata matawi yaliyoshikwa pamoja nayo, yaweke kwenye gunia papo hapo bila kuyaburuta juu ya ua, uyachome. Rudi kila wiki mpaka mwezi upite bila uzi mpya, na ufanye yote haya kabla haijatoa mbegu, zinazoweza kulala ardhini miaka mingi.

Majani yenye masizi meusi yanayofutika kwa kidole maana yake juu yake kuna vidukari au wadudu gamba wanaodondosha utamu. Maji ya sabuni, yapulizwe chini ya majani, jioni, urudie baada ya siku saba. Kijani kikipauka na kuwa na vumbi wakati wa ukavu, tikisa tawi juu ya karatasi nyeupe. Nukta zikitembea ni utitiri, nao huchukia kuloweshwa. Miche ikifa mmoja baada ya mwingine kwa mfuatano mahali maji yanapotuama, ni kuoza kwa mizizi: chimba mfereji kwanza, usipande tena hapo kabla maji hayajapata njia.

Na doa la kahawia la chini, kwenye pembe, linalorudi pale pale kila baada ya muda? Mara nyingi ni mkojo wa mbwa. Nilinunua dawa ya ukungu mara mbili kabla ya kumfuma.

Kuzalisha miche yako mwenyewe

Vipande vya matawi yaliyokomaa nusu, urefu wa sentimita 10 hadi 15, huota kwa duranta, buksi, bogenvilia, haibiskasi na ligustro. Kata chini ya kifundo, ondoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, ufunike kwa nailoni ili unyevu usitoroke. Msaiprasi nao huota kwa vipandikizi, ila huhitaji homoni ya mizizi na subira ya miezi. Araukaria ni kichekesho: kipande cha tawi lake la pembeni kikiota mizizi, huendelea kutambaa pembeni miaka yote kikidhani bado ni tawi. Ukiupanda mti huu kwa pambo, basi usikate ncha yake, kwani ule mpangilio wa ngazi za matawi haurudi.

Ua wa zamani uliochoka

Majani mapana yaliyokuwa marefu na matupu chini yanaweza kufufuliwa. Mwanzoni mwa msimu wa kukua kata ubavu mmoja mpaka karibu na shina, uache mwingine ukilisha mizizi. Mwaka unaofuata kata wa pili, kisha juu. Ligustro na haibiskasi zenye afya unaweza hata kuzishusha hadi sentimita 30 kutoka ardhini kwa msumeno. Mwagilia na uweke samadi baada ya ukatili huo. Taxus atakubali pia, polepole. Msaiprasi usijaribu: punguza urefu kidogo ndani ya kijani, au ng'oa, ubadilishe udongo wa mtaro, uanze.

Pengo dogo halihitaji mche mpya. Tafuta tawi refu la chini la mti jirani, likwangue gamba upande wa chini urefu wa kidole, lilaze kwenye kijifereji ndani ya pengo, libane kwa kijiti chenye umbo la ndoano, ulifukie ukiacha ncha nje. Weka jiwe juu ili unyevu ubaki. Baada ya miezi kadhaa vuta kidogo. Likikataa kutoka limeshika mizizi, na waweza kulikata kutoka kwa mama yake au kuliacha lilivyo. Ncha yake ikifika kiganja kimoja juu ya ardhi, itie mkasi.